Vigumba vipana vinapotea njia, ncha butu zinakwenda sawa. Kosa liko wapi?

Kijana wa Katuba (Jumamosi, saa 2:10 usiku)

Wandugu, jambo wote.

Naomba msaada, wiki ya tatu sasa nalala na jambo hili kichwani. Upinde wangu ni wa mti mmoja, ratili 45 nikivuta mpaka pembe ya mdomo. Navuta kwa mkono wa kuume. Mawano, yaani miti ya mishale, nimechonga mwenyewe kwa mbao ya paini, unene inchi 11/32, yaani milimita 8.7. Nikiweka ncha butu za mazoezi za greni 125 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kwa mita 15 mishale mitano kati ya sita inakaa ndani ya sahani ya bukari (ugali). Sijisifu, baba mkwe ameshuhudia.

Sasa shemeji yangu anaendesha lori, alipita Kasumbalesa na vigumba sita vipana (ncha za chuma za mshale) vya makali mawili, vile vya kugandisha kwa gundi. Navyo ni greni 125 vilevile. Nikasema basi, uzito ni ule ule, ni kubadilisha tu. Nikachonga miisho ya mawano kwa kisu, nikatia gundi ya vijiti, nikavivika.

Mshale wa kwanza ulikwenda kushoto ukavuka ukuta wa jirani. Wa pili ulizama chini, wa tatu ulitikisa mkia hewani kama kambale aliyetolewa majini. Mmoja tu, niliouwekea alama ya wino mwekundu, unakwenda pale ninapotazama.

Mtu mmoja hapa mtaani anasema makali yasimame wima, mwingine anasema yalale. Nimejaribu yote mawili. Na kidole gumba nimekikata, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

---

Mlima wa Bukavu (saa 2:25)

Pole kwa kidole. Na pole kwa jirani 😅

---

Fundi wa Kamalondo (saa 3:02)

Mwanangu, tuanze na ukuta wa jirani. Mshale wenye kigumba kipana si wa kujaribia uani. Usitupe mwingine hata mmoja mpaka upate mahali penye kichuguu nyuma ya shabaha. Lubumbashi hii tumebarikiwa vichuguu virefu kuliko nyumba, vipo njia yote ya Kipushi. Shabaha mbele, kichuguu nyuma, na hakuna mtu wala kinga (baiskeli) inayopita.

Sasa tatizo lako. Soma tena ulivyoandika: mmoja kushoto, mwingine chini, mwingine unatikisika, na mmoja mzuri. Kila mshale na njia yake. Ingekuwa upinde na mawano havipatani, yote ingekwenda upande mmoja. Kama kila mmoja una tabia yake, basi kila mmoja umevikwa kwa namna yake. Kosa liko kwenye kisu chako.

Ncha butu inakusamehe kwa sababu ni mviringo, hewa haina pa kuishika. Kigumba kipana ni bawa. Umeweka manyoya nyuma yaongoze mshale, kisha umeweka bawa la chuma mbele. Likikaa limepinda hata kidogo, mbele na nyuma vinagombania usukani, na huyo wa mbele ndiye anayekutana na upepo kwanza.

Makali kusimama wima au kulala, mishale haijali. Mimi nayaweka wima ili jicho lione haraka kama yamepinda, basi. Ila kama unavuta mpaka kigumba kinakaribia mkono unaoshika upinde, hapo jali sana. Acha angalau sentimita 3 kati ya chuma na kidole ukiwa umevuta kabisa.

Fanya hivi kesho. Chukua kipande cha kioo, simamisha mshale wima, ncha juu ya kioo, uuzungushe kwa viganja viwili kama mtoto anavyochezesha pia. Tazama mahali mti unapoingia kwenye chuma. Ukitulia kama umelala, ni mzuri. Ukiona pale panachora duara, umekivika kombo. Anza na ule wa wino mwekundu ili ujue mzuri unafananaje.

---

Mtoto wa Likasi (saa 3:20)

Yaya Fundi, kwa heshima yote, mimi naona ni ugumu wa wano. Kwa mtu wa mkono wa kuume wano laini linakwenda kuume, gumu linakwenda kushoto. Ya kwanza ilikwenda kushoto. Ni ngumu mno.

---

Fundi wa Kamalondo (saa 3:31)

Moja ilikwenda kushoto. Hiyo iliyozama chini ina ugumu gani?

---

Mtoto wa Likasi (saa 3:33)

😂 Nimenyamaza. Lakini tutarudi kwenye ugumu, mtaona.

---

Kijana wa Katuba (Jumapili, saa 10 jioni)

Nimerudi. Nimevunja kioo cha dirisha la zamani, mama amenitazama tu.

Wa wino mwekundu unasimama kimya kabisa, kama haujazungushwa. Wale watano… baba! Mmoja unachora duara kubwa kama sarafu pale shingoni. Kwa jicho nilikuwa naona vimenyooka! Sasa nitajuaje kama ni kigumba kimepinda au ni mti wangu?

---

Fundi wa Kamalondo (saa 11:15 jioni)

Hilo njo swali zuri.

Weka alama ya kalamu kwenye kigumba na nyingine kwenye wano, zitazamane. Zungusha uone ncha inatupa upande gani. Kisha pasha chuma moto, kilegee, ukigeuze robo ya duara, kipoe, uzungushe tena. Kama sasa kinatupa kufuata alama ya kigumba, chuma ndicho kibovu. Kama bado kinatupa upande wa alama ya wano, mti umechongwa kombo. Nabashiri mti.

Kupasha moto: shika makali kwa koleo, moto uende kwenye shina la kigumba, yaani lile bomba, wala si kwenye makali. Mshumaa unatosha, au pembeni ya mbabula (jiko la makaa). Ukiona chuma kinageuka rangi ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu, umekwisha kukilainisha, hakitashika makali tena. Gundi ya vijiti inalegea zamani sana kabla ya rangi yoyote. Mnaharakisha ninyi vijana.

Ukishajua ni mti, kata ule mwisho wote, uanze upya. Kuchonga kwa kisu peke yake ni bahati nasibu, ndiyo maana umepata mmoja kwa sita. Mashimo ya vigumba vya gundi yamechongoka kwa digrii 5. Huhitaji mashine. Nilikuwa ajisteri (fundi wa kulinganisha vipande vya chuma) miaka 27, nakupa kijibao changu:

Ubao bapa wa sentimita 30 hivi, kipande cha pili juu yake chenye mfereji ambamo wano linalala bila kucheza. Mbele ya mfereji gonga ukingo ulionyooka, ubandikie msasa mkavu. Ukingo huo uukate mshazari na mfereji: kwa kila sentimita 10 za kwenda mbele, usogee milimita 8.75 kando. Hizo ndizo digrii 5, wala hukuhitaji rula ya shule. Lala wano kwenye mfereji, lisukume taratibu mpaka liguse msasa, ulizungushe kwa vidole. Usilibane kwa nguvu. Linajichonga lenyewe, na kwa kuwa linazunguka kwenye mhimili wake, mchongoko unatoka katikati ukitaka usitake.

Halafu hii ndiyo siri ya atelye (karakana). Chukua masizi makavu ya sufuria, paka ndani ya shimo la kigumba kwa kijiti cha kiberiti. Kivike juu ya mti bila gundi, sukuma, geuza kidogo, toa. Mti ukitoka na weusi mahali pamoja tu, hapo ndipo panapogusa na kwingine ni hewa. Futa kidogo pale palipo cheusi, rudia. Unataka weusi uenee mchongoko mzima, kuanzia ncha mpaka shingo. Gundi haijazwi mahali pa mti, gundi ni ya kushika tu.

Kisha safisha masizi kwa spiriti kabla ya gundi. Na ndani ya chuma kipya huwa kuna mafuta ya kiwandani, nayo yatoe.

---

Mama Podo (saa 12:40 jioni)

Salamu kwenu. Fundi amesema vizuri, naongeza mawili.

La kwanza, manyoya. Kijana hajatuambia ana manyoya gani. Kama umeweka yale mafupi mafupi kwa ncha butu, hayatoshi kushindana na bawa la mbele. Mimi naweka ya sentimita 12 na nusu, matatu, yamepindishwa kidogo kuzunguka wano ili mshale uzunguke. Manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, la kuume au la kushoto, usichanganye. Ukichanganya hata mchongoko wa Fundi hautakuokoa.

La pili, kidole. Lazima ulikuwa unanoa kabla ya kuvika, au unasukuma kigumba kwa mkono mtupu. Kivike kikiwa butu. Kikishaganda na kuzunguka sawa, ndipo unoe kwa tupa, wano lenyewe likiwa mpini wako, tupa ikikwenda upande mmoja tu, kutoka shingoni kuelekea ncha. Makali ya pande zote mbili yalingane, mapigo kumi huku, kumi kule. Kujaribu usitumie nywele za mkono, vuta mpira wa kufungia noti ukae imara, gusa kwa makali. Ukikatika kwa kuguswa tu, umemaliza. Na podo lako liwe na kifuniko.

---

Mlima wa Bukavu (saa 1:05 usiku)

Huku kwetu shabaha ni mgomba. Mtu akishakata ndizi, lile shina tunalikata vipande, tunapanga. Kigumba kinaingia taratibu na kutoka bila kuvunja kitu, wala hakipotezi makali kama kwenye udongo. Gunia la matambara usithubutu, kigumba kipana kinalikata, wiki moja unabaki na matambara bila gunia.

Na manyoya si lazima yawe manyoya. Wambuti wa Ituri wanapachika jani kwenye mpasuko wa nyuma ya mshale, na wanakula nyama.

---

Mtoto wa Likasi (saa 1:12)

Lubumbashi mgomba utautoa wapi, mkubwa? Huku ni mahindi na vumbi.

---

Mkalimani (saa 1:50 usiku)

Naona mnazungumza vigumba vya dukani. Babu yangu upande wa Kamina alikuwa na vigumba vya mhunzi, vyenye mkia mrefu wa chuma badala ya bomba. Hivyo vinavikwaje? Ninavyo viwili, vina kutu.

---

Fundi wa Kamalondo (saa 2:30 usiku)

Hapo ni kinyume. Kwa kigumba cha bomba mti unaingia ndani ya chuma, kwa cha mkia chuma kinaingia ndani ya mti, na hatari ni mti kupasuka. Toboa kwanza tundu jembamba katikati ya mwisho wa wano, urefu wa mkia pungufu kidogo. Funga uzi au kano ya mnyama kuzunguka mwisho wa wano KABLA ya kusukuma. Wengi wanafunga baadaye, wakati ufa umeshaingia. Pasha mkia moto wa kadiri, sukuma, utajitengenezea kitanda chake ndani ya mti na kumalizia tundu kwa kuliunguza. Toa, acha upoe, tia ulimbo uliochanganywa na nta na unga wa makala (makaa), rudisha. Ulimbo peke yake ni mkavu, unavunjika kama kioo. Nta inaulainisha, makala yanaupa mwili.

Kisha zungusha juu ya kioo, sheria ni ile ile.

Vya babu yako usivipige msasa mpaka ving'ae. Futa kutu kwa mafuta na kitambaa, uviweke. Waluba hawachezi na upinde: wafalme wao walikuwa na vishikio vya kuwekea pinde, vya matawi matatu, vilivyochongwa kwa ustadi na kuhifadhiwa katika nyumba ya peke yake, kwa sababu katika simulizi zao ufalme uliletwa na mwindaji, Mbidi Kiluwe. Leo vishikio hivyo viko makumbusho za Ulaya na Marekani. Wewe angalau umebaki na vigumba.

---

Kijana wa Katuba (Ijumaa, saa 3 usiku)

Wandugu, samahani kwa kimya. Juma zima nilikuwa na kijibao cha Fundi.

Jaribio la alama: vigumba vitano, vinne kosa lilikuwa mti. Kimoja kweli kimepinda ncha, nimekiweka kando. Fundi alibashiri.

Masizi ndiyo yaliyonishangaza. Nilivika ule uliochongwa kwa kisu nikatoa: doa moja jeusi kama punje ya mchele upande wa juu, na jingine chini upande wa pili. Yaani kigumba kilikuwa kimekaa juu ya nundu mbili, na gundi ilijaza kwingine kote. Na mimi nilikuwa najisifu kimekaza! Nimekata miisho yote minne, sentimita 2 na nusu kila wano, nikachonga upya kwenye kijibao. Sasa mti unatoka mweusi mzima kama mwiko wa sufuria.

Leo nimekwenda kwenye kichuguu na binamu. Mita 15. Wa wino mwekundu, pale pale. Minne mipya: hakuna uliotikisa mkia. Yote minne imekaa pamoja, unaweza kuifunika kwa kiganja. LAKINI iko kushoto kwa shabaha, kiganja kizima na vidole. Yote!

---

Mtoto wa Likasi (saa 3:04)

Nilisema tutarudi kwenye ugumu 😎

---

Fundi wa Kamalondo (saa 3:40)

Mtoto wa Likasi, leo zamu yako. Mueleze.

---

Mtoto wa Likasi (saa 4:02 usiku)

Aksanti mzee. Kijana, ulikata sentimita 2 na nusu. Wano fupi ni wano gumu. Linapoachiwa linapaswa kupinda kidogo kuzunguka upinde na kurudi kwenye mstari. Gumu halipindi vya kutosha, linasukumwa kushoto. Ndiyo maana wa wino mwekundu, ambao hukuukata, bado uko katikati. Zote zikienda upande mmoja, ni habari njema, maana sasa ni tatizo moja badala ya matano.

Una njia mbili. Punguza unene: piga msasa wano katikati, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, ila ukipitiliza hurudishi. Au ongeza uzito mbele, wano litakuwa kama limelainika.

---

Fundi wa Kamalondo (saa 4:30)

Chukua ya pili. Nenda kwa mtu anayesuka mota zilizoungua, akupe waya wa shaba wa nusu milimita. Uzungushe nyuma tu ya shina la kigumba, mizunguko 26 iliyobanana. Inalala kwenye milimita 13 na ina uzito wa karibu gramu 1.3, ndiyo greni 20. Mwisho wa waya uufiche chini ya mizunguko, uipitishie gundi ya moto. Anza na 26, ukiona bado kushoto ongeza.

Na waya huo unafanya kazi ya pili. Wano likigonga mfupa au jiwe linavunjika pale pale nyuma ya chuma. Waya unapafunga. Katanga haikujifunza jambo hili jana: Wayeke wa Bunkeya walikuwa wakivuta waya wa shaba kwa mikono, mwembamba kabisa, kabla hatujajua bomba la moshi la mgodi ni nini.

---

Mama Podo (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

Swali kabla hujaendelea. Hivi vigumba ni vya nini? Kwa shabaha ncha butu zinatosha.

---

Kijana wa Katuba (saa 1:30 asubuhi)

Mjomba ana shamba la mihogo, nguruwe pori wanamaliza usiku mmoja kazi ya mwezi.

---

Mama Podo (saa 1:48)

Basi mjomba aanze ofisini. Sheria ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inataka kibali, na upinde nao ni silaha ya kuwindia. Na ikiwa hao nguruwe wanatokea upande wa Kundelungu au Upemba, ndani ya hifadhi usiingie hata kwa kufuata damu. Na nguruwe pori kwa mita 15 usiku… mwanangu, kwanza jifunze kupata kiganja mara ishirini kwa ishirini mchana.

---

Kijana wa Katuba (saa 1:55)

Nimeelewa, mama. Mjomba nimemwambia asubiri. Kwa sasa amewasha moto na anapiga madebe.

---

Kijana wa Katuba (Jumatano, saa 12 jioni)

Mizunguko 26: kushoto kwa vidole viwili. Mizunguko 34: katikati. Nimepiga raundi sita, mishale minne minne, ishirini na nne yote, na ishirini na moja imeingia kwenye sahani ya bukari. Mitatu iliyokosa ni mkono wangu, niliisikia upote ulipoachia.

Jambo moja tu: mvua ilinyesha usiku, na asubuhi wano moja limepinda kama upinde wenyewe. Nimelinyoosha juu ya mbabula, nikalizungusha tena juu ya kioo, limerudi.

---

Fundi wa Kamalondo (saa 12:20)

Paka mafuta ya kitani mara tatu, likauke kila mara, usipake kwenye mchongoko. Na Novemba mpaka Machi uzungushe kila mshale kabla ya kutoka nyumbani. Kioo unacho.

---

Mlima wa Bukavu (saa 12:31)

Kijana, hayo manyoya ya sentimita 12 na nusu aliyosema Mama Podo umeyapata wapi? Huku batamzinga ni wa Noeli tu, na mwenye nao hataki hata uwatazame.

---

Kijana wa Katuba (saa 12:34)

Jirani. Yule wa ukuta. Alirudisha mshale wangu na manyoya ya bawa lote la kuume, akasema chukua, lakini upande wangu usitupe tena.